Kurudi nyumbani na familia nzima: safari mbili, siku kwa siku

Watu huja kwa ndege, vyombo huja kwa meli. Hizo ni safari mbili zenye kalenda mbili, na hasara nyingi zinazowapata wanaorudi kutoka ughaibuni hutokea pale kalenda hizo zinapopishana. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimo kwenye katoni namba 41 katikati ya bahari, shule inakidai leo. Au kontena limeshushwa bandarini na mwenyewe bado yuko ng'ambo anamalizia mkataba wa kazi, na hakuna mwingine mwenye uwezo wa kulitoa. Kumbukumbu hii inafuata safari zote mbili pamoja, kwa familia ya wazazi wawili na watoto wawili yenye kontena moja la futi 20 na meli ya siku 35 hivi. Siku zinahesabiwa kwa siku ya ndege.

Siku ya 180 kabla ya ndege

Leo hakifungwi kitu. Kazi ya leo ni kutandaza pasipoti zote mezani na kuzisoma ukurasa kwa ukurasa. Za watoto mara nyingi hudumu miaka 5, si 10. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe imebakiza angalau miezi 6, na shirika la ndege litamzuia abiria kaunta kabla hajafika kwa afisa yeyote wa uhamiaji. Angalia pia masharti ya nchi ya kubadilishia ndege. Kuna viwanja ambavyo kukaa saa 3 tu kunadai viza ya kupita, hasa kwa mwanafamilia mwenye pasipoti tofauti na ya wenzake.

Swali zito la leo ni hili: kwenye karatasi, mtoto ni raia wa wapi? Mtoto aliyezaliwa ughaibuni, hata wazazi wote wakiwa raia wa nyumbani, huenda hajawahi kuandikishwa ubalozini. Akiingia hivyo anagongewa muhuri wa mgeni wa siku 30 au 90, kisha wazazi wanajikuta wakihangaikia kibali cha mtoto wao wenyewe huku shule imeshafunguliwa. Kumwandikisha kunahitaji cheti kirefu cha kuzaliwa, kile chenye majina ya wazazi wote wawili. Kile kifupi hurudishwa. Ambatanisha cheti cha ndoa na pasipoti za wazazi. Kazi hii huweza kula miezi, ndiyo maana imewekwa siku ya kwanza.

Mwenzi ambaye si raia naye aanze leo kuulizia kibali cha kuishi. Karibu kila mahali ataombwa hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu. Hati hiyo huwa na muda wake, mara nyingi miezi 3 hadi 6, kwa hiyo ukiiomba leo itakufa kabla ya kutumika. Weka alama kwenye kalenda: siku ya 60. Usiisubirishe zaidi ya hapo, maana ukishahama, alama za vidole zitachukuliwa nchi moja na kusomwa nchi nyingine kwa njia ya posta.

Vyeti vya kuzaliwa, ndoa, talaka na elimu vilivyotolewa huko vinahitaji kuthibitishwa ili vikubalike nyumbani. Nchi zote mbili zikiwa kwenye Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, apostili moja, yaani cheti cha uthibitisho kinachobandikwa kwenye hati, kwa kawaida inatosha. Moja ikiwa nje ya mkataba, cheti hupita njia ndefu: mthibitishaji, wizara ya mambo ya nje, halafu ubalozi. Kama kuna tafsiri, kwa kawaida ifuate baada ya apostili, kwa sababu ofisi inayopokea huenda ikataka hata maneno ya apostili yenyewe yatafsiriwe. Wengi hutafsiri kwanza, kisha wanalipia mara ya pili.

Mwenye mbwa au paka pia anaanza leo. Chipu ya utambulisho ya viwango vya ISO 11784 na 11785, yenye tarakimu 15, huwekwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo ikitangulia chipu, nchi nyingi huihesabu kama haikuchomwa. Zinazodai kipimo cha damu hutaka kingamwili zifike angalau 0.5 IU kwa mililita, na baadhi huongeza miezi 3 ya kusubiri tangu damu ichukuliwe. Mbwa wa pua fupi hukataliwa na mashirika mengi ya ndege kwenye chumba cha mizigo, kwa kuwa hupumua kwa shida kwenye joto.

Siku ya 120 kabla

Chukua futi kamba upime. Kontena la futi 20 kwa ndani lina urefu wa mita 5.9, upana 2.35 na kimo 2.39, jumla mita za ujazo 33 hivi. Vyombo vya nyumbani havipangiki kama matofali, kwa hiyo kinachoingia kweli ni mita za ujazo 25 hadi 28. Mlango ni mfupi kuliko chumba chenyewe, sentimita 228 hivi. Kabati la mita 2.3 lisilofunguka halitaingia likiwa limesimama hata kama ndani lingetosha.

Godoro la sentimita 200 kwa 160 kwa 25 ni mita za ujazo 0.8. Friji ya 60 kwa 65 kwa 180 ni 0.7. Kochi la watu watatu la 220 kwa 95 kwa 85 linakaribia 1.8, yaani kama sehemu moja ya kumi na tano ya kontena zima. Gawa bei ya kontena kwa 27, utapata kila mita ya ujazo inakugharimu kiasi gani kufika nyumbani. Kochi lisilofikia thamani hiyo liuzwe, hata kama bado zuri. Vitabu, zana za kazi, baiskeli za watoto na vyombo vizuri vya jikoni karibu kila mara hushinda hesabu hii. Samani za mbao za vumbi la msumeno lililogandishwa hushindwa: zikifunguliwa mara ya pili, tundu za skrubu hulegea na hazishiki tena.

Mzigo ukiwa chini ya mita za ujazo 12 hivi, uliza bei ya kuchangia kontena na wengine. Hapo unalipia mita ya ujazo au tani, ile iliyo kubwa, na unakubali kwamba mzigo utasubiri kontena lijae, kisha utasubiri kutenganishwa bandarini. Mtu mmoja mwenye karatasi mbovu anaweza kuwachelewesha wote waliochangia. Kwa ndege, mita 1 ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167 hata ikiwa imejaa mito ya kulalia.

Vyombo vya umeme visomwe kibandiko kimoja kimoja. Kilichoandikwa 100–240 V kitafanya kazi popote, kinahitaji plagi tu. Kilichoandikwa 120 V kikienda kwenye umeme wa 230 V kitaungua siku ya kwanza. Transfoma hushusha volti, haibadilishi hezi, yaani kasi ya mawimbi ya umeme. Mota iliyotengenezewa hezi 60 pekee ikipewa 50 huzunguka polepole na kupata joto, kwa hiyo mashine ya kufulia ya namna hiyo ni mzigo wa kusafirisha kwenda kuutupa.

Siku ya 90 kabla

Ita kampuni tatu za usafirishaji zije kuona nyumba, au zioneshe kila chumba kwa video, kabati zikiwa wazi. Bei inayotolewa kwa simu bila kuona mzigo hupanda siku ya kupakia, wakati huna tena pa kukimbilia.

Kabla ya kulinganisha bei, soma kilichoachwa nje. Ya mlango kwa bandari huishia kontena linaposhuka, na kila shilingi baada ya hapo ni yako. Ya mlango kwa mlango nayo mara nyingi huacha ushuru, ukaguzi wa forodha, tozo za kuhifadhi, ngazi zaidi ya ghorofa fulani, na gari dogo la kuhamishia mzigo kama lori kubwa halifiki. Uliza kwa maandishi ni nani anayelipa tozo za kushusha kontena bandari ya mwisho. Hicho ndicho kipengele kinachozaa ugomvi mwingi kuliko vyote.

Bima inunuliwe kwa thamani ya kununua kitu kipya nyumbani, si bei uliyonunulia huko. Soma sehemu ya katoni ulizofunga mwenyewe: bima nyingi hazilipi kilichovunjika ndani yake, hulipa tu katoni nzima ikipotea. Ndiyo sababu vyombo vya kuvunjika huachiwa wafungashaji.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawajalisikia mpaka liwapate. Kwa sheria ya bahari, meli ikipata janga na gharama ikatumika kuiokoa yote, wenye mizigo wote huchangia, hata yule ambaye mzigo wake haukuguswa. Mwezi Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama Mfereji wa Suez kwa siku 6, mwenye meli akatangaza mchango huo, na wenye mizigo wakatakiwa kuweka dhamana kabla ya kuachiwa makontena yao. Aliye na bima ya baharini, kampuni ya bima humwekea dhamana. Asiye nayo hutoa fedha mfukoni.

Siku ya 75 kabla

Shule: omba matokeo ya miaka miwili au mitatu ya mwisho, barua ya uhamisho na muhtasari wa masomo, vyote vikiwa na muhuri. Kama mtoto anapata msaada maalumu wa kujifunza, ripoti yake ndiyo ngumu zaidi kuipata ukiwa mbali. Linganisha mihula pia. Nchi moja hufungua mwaka Januari, nyingine Septemba, na mtoto anaweza kurudishwa nusu mwaka nyuma au kurushwa nusu mwaka mbele. Kwa kusoma na kuandika, kumrudisha kidogo humfaa yule anayebadilisha lugha ya kufundishiwa.

Mtoto aliyezaliwa ughaibuni anahamia nchi ngeni, hata kama ana bibi na babu huko. Lugha ya nyumbani anayoijua ni ya kuambiwa "njoo ule" na "vaa viatu". Ya darasani hana. Miezi miwili ya kusoma kwa sauti kila jioni humsaidia kuliko kifurushi cha vitabu vya mazoezi.

Hospitali: kadi za chanjo, picha za mionzi kwenye diski, maelezo ya magonjwa ya kudumu. Dawa za kudumu zichukuliwe za miezi 3 kama sheria inaruhusu, kwenye pakiti zake, na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, maana jina la kibiashara hubadilika nchi hadi nchi. Dawa za kutuliza maumivu makali, za usingizi na za watoto wenye utukutu uliopitiliza huhitaji kibali kabla ya kuingia nchi nyingi.

Siku ya 60 kabla

Hati ya polisi iombwe leo. Tiketi za ndege zinunuliwe, na mtoto mchanga aombewe kitanda cha ukutani mapema, kwani kila ndege ina vichache.

Siku ya 45 kabla

Notisi ya nyumba, umeme, maji, intaneti, bima ya gari. Kampuni ya bima ya gari itoe barua ya miaka mliyokaa bila kudai fidia. Barua hiyo huweza kushusha bei ya bima mpya, na hakuna anayekumbuka kuiomba.

Akaunti ya benki isifungwe sasa. Amana ya nyumba, marejesho ya kodi na mshahara wa mwisho vitaingia baada ya ninyi kuondoka. Tatizo la benki lipo kwenye simu: namba ya siri ya kuingilia hutumwa kwa laini ya huko, na laini ikizimwa akaunti inafungika ikiwa na fedha ndani. Hamishia laini kwenye mpango wa bei ya chini kabisa unaopokea ujumbe ukiwa nje, au badilisha namba benki ukiwa bado unaweza kufika tawini na kitambulisho. Fanya hivyo kwa barua pepe ya kazini iliyotumika kujisajili sehemu za kodi na pensheni, kwani itafungwa siku ya mwisho ya ajira.

Simu zenyewe ziangaliwe kama zimefungwa kwa mtandao mmoja. Kufunguliwa kunaweza kuchukua siku kadhaa na hutaka mkataba uwe umelipwa.

Siku ya 21 kabla

Leo inaandikwa orodha ya mzigo, na itafaa kukaa chini siku nzima. Orodha hii inasomwa na watu watatu: forodha, bima na wewe mwenyewe siku ya kupokea. Afisa wa forodha akikuta "vitu mbalimbali vya nyumbani" mara thelathini, anachoweza kufanya ni kuagiza kontena lote lifunguliwe.

Mstari unaoeleweka ni kama huu: "Katoni 17. Jikoni. Sufuria 4, sahani 12 za kauri, zilizotumika, tangu 2019." Vya umeme viandikwe aina, modeli na namba ya utambulisho ya kiwandani. Thamani ya forodha iwe ya kitu kilichotumika, ya kweli. Kuandika ndogo mno huangusha madai ya bima, kwa sababu bima nayo itaisoma orodha hiyohiyo.

Msamaha wa ushuru kwa wanaorudi upo katika nchi nyingi, na masharti yake hufanana: mmekaa nje muda fulani, mara nyingi mwaka au zaidi, vitu vimetumika, mara nyingi miezi 6 au zaidi, na mzigo unafika ndani ya muda maalumu kabla au baada ya mwenyewe kuingia. Kwa hiyo televisheni mpya iliyonunuliwa wiki ya mwisho kwa sababu ni rahisi huko, ikiwa bado kwenye boksi lake, hulipiwa ushuru na huvuta macho kwenye kila kilicho jirani yake. Gari lina masharti yake peke yake, ya umri na upande wa usukani, na lisijazwe vyombo ndani.

Vinavyozuia kontena zima kwa ajili ya kilo mbili: chakula, mbegu, mitungi ya gesi, rangi, pombe, droni, redio za mawasiliano, visu vya mapambo. Na udongo! Matairi ya baiskeli, viatu vya matembezi, majembe na mashine ya kukata nyasi visuguliwe kwa brashi na maji hadi kwenye mitaro ya mpira. Nchi zenye ukaguzi mkali wa mimea hutoza gharama ya usafishaji kwa vumbi lililokauka tu.

Siku ya 16 na 15 kabla

Kufunga. Kabla wafungashaji hawajaingia, chumba kimoja, kwa kawaida bafu, kifungwe na kubandikwa karatasi: "Usiguse." Humo kuna mabegi ya ndege, pasipoti, vyeti vyote, orodha, dawa, chaja na mdoli wa kulalia wa mtoto mdogo. Wafungashaji wazuri hufunga kila wanachokiona, hata pipa likiwa na taka zake.

Vitabu viwekwe kwenye katoni ndogo, kilo 18 hadi 20 na si zaidi. Katoni kubwa ya vitabu hupasuka chini. Sahani husimamishwa kwa ukingo, hazilazwi. Ikilala, sahani ya chini hubeba uzito wa zote na mshtuko wa kila shimo la barabarani. Ikisimama, ukingo hubeba. Sukumia karatasi zilizofinyangwa chini unene wa vidole vinne, kila sahani ndani ya karatasi yake, halafu tikisa katoni kabla ya kubandika selotepu. Ukisikia kitu kinagonga, fungua.

Friji izimwe leo, iyeyuke, ifutwe, na mlango uachwe wazi saa 24 au zaidi. Mashine ya kufulia irudishiwe boliti zake za kusafirishia nyuma, vinginevyo pipa la ndani litagonga safari nzima. Skrubu na nati za kila samani ziingie mfuko mmoja mdogo, ubandikwe kwenye ubao wa samani hiyohiyo. Kreti ya mbao kwa ajili ya kioo au mchoro lazima iwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, ambao mara nyingi humaanisha mbao ilipashwa hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30. Kreti ya fundi wa mtaani isiyo na muhuri huweza kuamriwa ichomwe moto au irudishwe ilikotoka.

Siku ya 14 kabla

Kontena mlangoni. Kabla ya kitu chochote kuingia, mtu mmoja aingie ndani afungiwe mlango kwa dakika moja. Akiona mwanga popote, hata tundu la ukubwa wa sindano, kontena lirudi. Anuse pia, harufu ya samaki au kemikali haitoki kwenye magodoro.

Vizito huenda chini na vigawanywe pande zote mbili, mbele na nyuma. Kila ukuta wa mzigo ufungwe kwa mkanda kabla ya kuanza mwingine. Mlangoni ndipo mzigo huanguka siku ya kufungua, kwa hiyo safu ya mwisho ifungwe kama ya kwanza.

Kisha unyevu. Meli hupita kutoka baridi kwenda joto au kinyume chake, hewa yenye mvuke ndani ya kontena hugusa paa la chuma lililopoa usiku, na matone huanguka juu ya makochi kwa wiki kadhaa. Godoro lililofungwa kwenye nailoni likiwa na unyevu kidogo litafika na madoa meusi. Dawa yake ni mifuko ya kloridi ya kalisi inayoning'inizwa kwenye kuta, sita hadi nane kwa futi 20, na kutopakia kitu chochote kibichi: nguo zilizoanikwa nusu, mwavuli, ufagio wa kudekia.

Mlango ukishafungwa, sili, yaani kifungo chenye namba kisichofunguka bila kukatwa, inafungwa mbele yako. Piga picha namba yake, na namba ya kontena yenye herufi 4 na tarakimu 7.

Siku ya 12 kabla

Rasimu ya hati ya shehena, ambayo mawakala huiita BL, inaletwa kwa barua pepe. Isome herufi kwa herufi. Jina la mpokeaji lifanane na la kwenye pasipoti, majina yote matatu kwa mpangilio uleule. Namba ya simu ya kuarifiwa iwe ya nyumbani, ya mtu anayepokea simu. Kusahihisha sasa ni bure au karibu na bure. Baada ya meli kuwasilisha orodha ya shehena ni faini na siku za kusubiri.

Amua pia namna ya kuachiwa mzigo. BL halisi hutolewa nakala 3, na moja kati ya hizo lazima iwasilishwe kwa wakala wa meli ili kontena litoke. Familia inayohama hainufaiki na karatasi hizo zinazopotea. Omba mzigo uachiwe kwa ujumbe wa kielektroniki, baada ya kulipa.

Siku ya 3 kabla

Nyumba inakabidhiwa. Piga picha mita za umeme, gesi na maji zikiwa na namba zake, kila ukuta, ndani ya oveni. Mwenye nyumba atie saini fomu ya makabidhiano leo. Ukishapanda ndege, kubishania amana ni kwa barua tu.

Asiyeweza kusafiri na wenzake, kwa mfano mzazi mmoja anayebaki kumalizia kazi, aandike hati ya uwakilishi kwa mwenzake, ithibitishwe, ifuate njia ileile ya apostili. Anayesafiri na watoto peke yake awe na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine iliyothibitishwa. Wakati mwingine haiulizwi. Ikiulizwa na haipo, hakuna kuruka.

Siku ya ndege

Mabegi ya kilo 23 yapimwe nyumbani. Zaidi ya 32 kwa begi moja viwanja vingi havipokei hata ukilipa. Betri za akiba za simu ziwe mkononi, kamwe zisiwe kwenye begi la kupakia, na zisizidi Wh 100. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, inapita. Fedha taslimu zinazofika kiwango cha kutangazwa, ambacho mahali pengi ni dola 10,000 au sawa na hizo, zitangazwe. Kutangaza hakutozwi, kuficha hunyang'anywa.

Gawa nguo: kila begi liwe na nguo za wanafamilia wote, ili begi moja likipotea asibaki mtu bila kitu.

Siku ya 1 nyumbani

Begi lisipotokea, ripoti iandikwe kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo, uondoke na namba yake. Kwa safari zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya begi lililoharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na ya lililochelewa ndani ya siku 21.

Hakikisha muhuri wa kuingia umegongwa. Milango ya kielektroniki haigongi, na forodha itataka kuona tarehe mliyoingia wakati wa kuomba msamaha wa ushuru. Omba muhuri kwa afisa, au tunza vipande vya kupandia ndege.

Siku ya 2 hadi ya 7

Watoto wataamka saa nane usiku wakidai chakula. Mwili husogea takriban saa moja kwa siku, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko magharibi. Watolewe kwenye jua kwa saa za huku, usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na shule isianze wiki hii.

Siku ya 4 wakala wa forodha apewe nakala za pasipoti, orodha ya mzigo, BL, uthibitisho wa makazi ya nje na barua ya mwajiri wa zamani. Nakala, si halisi. Halisi zioneshwe na kurudi nawe.

Siku ya 22

Meli imefika. Kuanzia hapa kuna tozo tatu zinazohesabiwa kwa pamoja, na watu huzichanganya: ya kwanza, ya kuhifadhi, ni ya bandari, kwa kukalia uwanja wake, ya pili ni ya kampuni ya meli kwa kontena lake kukaa bandarini kupita siku za bure, ya tatu ni ya kampuni hiyohiyo kwa kontena lake kukaa kwako. Siku za bure hutofautiana, na huweza kuwa chini ya wiki moja. Uliza kila moja inaanza lini na kama sikukuu na wikendi zinahesabiwa. Karatasi zikiwasilishwa kabla meli haijatia nanga, siku kadhaa huokolewa.

Siku ya 27

Ukaguzi. Mwenye mzigo awepo mwenyewe pale inaporuhusiwa. Swali la afisa "hii ni ya nani, ilinunuliwa lini?" linajibiwa haraka na aliyeitumia kuliko na wakala. Malipo yote yawe na risiti ya serikali.

Siku ya 29

Jana yake barabara ilipaswa kupimwa. Kontena juu ya lori hufika kimo cha mita 4 hivi, na sakafu yake iko zaidi ya mita moja kutoka ardhini, kwa hiyo nyaya za chini, matawi, geti na kona kali ndivyo vya kuangalia, pamoja na watu 4 hadi 6 wa kushusha.

Namba ya sili isomwe na kulinganishwa na ile picha kabla ya koleo kuikata. Kama forodha walifungua, patakuwa na sili mpya na lazima iwe imeandikwa kwenye karatasi za ukaguzi. Mmoja asimame mlangoni na orodha, akitia alama kila namba inayopita. Asibebe kitu, asijibu simu. Katoni iliyolowa au kubonyea ifunguliwe hapohapo, ipigwe picha ikiwa bado ndani ya karatasi zake, na iandikwe kwenye hati ya kupokea kabla ya saini. Saini safi bila maelezo hudhoofisha dai lolote litakalofuata.

Friji isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa kama ililazwa. Boliti za mashine ya kufulia zitolewe kabla haijazungushwa.

Kontena tupu likirudishwa, dereva alete risiti ya uwanja wa makontena yenye tarehe. Bila hiyo dhamana hairudi.

Siku ya 36

Dai la bima lipelekwe: orodha, picha, bei ya kununua au kutengeneza, hati ya kupokea yenye maelezo. Muda umeandikwa kwenye sera yenyewe. Kilichovunjika kisitupwe hadi mkaguzi aseme.

Siku ya 90

Amana ya nyumba imeingia, kodi ya mwaka wa mwisho imefungwa, barua ya pensheni imefika. Sasa akaunti ya huko inaweza kufungwa, baada ya kupakua taarifa za miaka kadhaa ya nyuma, kwa kuwa benki ikishaifunga hutaweza kuingia tena kuzisoma. Laini ya simu ya huko ikatwe mwezi mmoja baadaye.